Bunduki Kuukuu Hupewa Nani?

Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, hucheka waonapo gobore limekamatwa na kuletwa kituoni. Hulitazama, hulitikisa, kisha husema kwamba hili ni la kutundikwa ukutani. Kicheko hicho hatukiafiki. Silaha iliyopitwa na wakati ina mambo mawili ambayo mlinzi wa amani hana budi kuyajua. La kwanza ni kwamba ingali yaua. La pili, na ndilo tulilokusudia kulizungumza leo, ni kwamba haimfikii mtu kwa bahati tu. Yupo aliyeamua kwamba huyu apewe mpya na yule apewe kuukuu.

Ushahidi hatuhitaji kuufuata mbali. Mwaka 1914 mji huu wa Gisenyi, ambao Wajerumani waliuandika Kissenji, ulikuwa makao ya kombania ya 11 ya jeshi lao la Afrika Mashariki. Ng'ambo ya mpaka walikuwako Wabelgiji na jeshi lao la Kongo, Force Publique. Mwezi Septemba mwaka ule Kapteni Max Wintgens alikiteka kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Mwezi uliofuata Wabelgiji waliishambulia Gisenyi, wakarudishwa. Tangu hapo pande mbili zilikaa zikiviziana chini ya milima ya volkano hadi mwaka 1916.

Zilikuwa zikiviziana kwa silaha gani? Huko Ulaya vita hiyo hiyo ilikuwa ikipiganwa kwa ndege, nyambizi na gesi ya sumu. Hapa kwetu, askari wengi Waafrika wa Mjerumani walishika Mauser ya mwaka 1871, na wenzao wa upande wa Mbelgiji walishika Albini, bunduki ya muundo ulioingia katika jeshi la Ubelgiji mwaka 1867. Zote mbili zilikuwa za milimita 11, na zote zilipakiwa risasi moja moja. Ukiisha kufyatua, sharti ufungue, utoe ganda, utie risasi nyingine kwa mkono, ufunge, ndipo ulenge tena. Na zote zilitumia baruti nyeusi.

Vijana waliojifunza kazi kwa bunduki za siku hizi huenda hawajapata kuiona baruti hiyo ikiwaka. Hutoa wingu zito la moshi mweupe. Mpigaji haioni tena shabaha yake mpaka upepo uuchukue moshi, lakini adui amekwisha kumwona yeye, maana wingu linamwonyesha kama kidole. Unaweza kumfundisha askari kujificha nyuma ya jiwe, kutambaa, kunyamaza kimya usiku kucha; risasi yake ya kwanza itayabatilisha yote hayo. Masizi nayo huganda ndani ya mtutu, hata bunduki isiposafishwa huanza kupoteza shabaha. Ufaransa ilikwisha kupata baruti isiyo na moshi mwaka 1886 kwa bunduki yake ya Lebel, na mataifa mengine yakaifuata upesi. Basi kufikia mwaka 1914 moshi huo ulikuwa kitu cha zamani kwa karibu miaka 30. Kwa Mzungu ulikuwa wa zamani. Kwa Mwafrika aliyevaa sare yake ulikuwa wa kila siku.

Mtu ataweza kusema kwamba ni shauri la fedha, na kwamba makoloni hayakuwa na bajeti. Hatukatai kuwa fedha ilikuwamo. Lakini tukumbuke pia kwamba askari wa Kongo waliasi Luluabourg mwaka 1895, wakaasi tena mwaka 1897 katika msafara wa Dhanis. Mtawala aliyekwisha kuona bunduki zake zikimgeukia hapendi kumpa askari wake silaha iliyo sawa na yake mwenyewe. Kwa maoni yetu, bunduki ya risasi moja ilikuwa kipimo cha imani: ilitosha kumpiga mwanakijiji mwenye mkuki, wala haikutosha kumtisha bwana. Vita ilipozuka baina ya mabwana wenyewe, askari yule yule alitumwa mbele ya bombomu akiwa na kipimo hicho hicho mkononi.

Askari wenyewe hawakuwa wajinga wa jambo hili. Huko Tanga, mwezi Novemba 1914, jeshi la Mjerumani lililokuwa na watu kama 1,000 lililishinda jeshi la watu kama 8,000 lililoletwa na Waingereza kutoka India. Hadithi ya nyuki waliowauma wavamizi imesimuliwa mno. Ya ngawira haisimuliwi vya kutosha. Zilipatikana mamia ya bunduki mpya, bombomu, na malaki ya risasi, na kombania zilizokuwa na bunduki za moshi zikazigawana. Aprili 1915 meli Rubens ikaletwa kwa siri ikiwa na bunduki za kisasa takriban 1,800. Ikapigwa na manowari ya Waingereza katika ghuba ya Manza, ikazama, shehena ikaopolewa majini. Risasi zilizolowa zilibidi kufunguliwa na kukaushwa, na baadhi hata hivyo zilikataa kulia. Mizinga kumi ya manowari Königsberg, iliyozamishwa mtoni Rufiji Julai 1915, ilitolewa ikafungwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu. Silaha za ajabu kama hizo huvutia macho, na wengi wamekwisha kuutazama mmoja wa mizinga hiyo Mombasa. Hata hivyo, askari wa miguu hakusaidiwa na mzinga wa meli kama alivyosaidiwa na bunduki aliyomnyang'anya adui. Walipoweka silaha chini Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Mambo haya hayakuishia hapo. Mwaka 2022 vijana walioandikishwa kwa nguvu huko Donetsk walionekana wakipelekwa mstari wa mbele na Mosin, bunduki ya muundo wa mwaka 1891. Nchini Kenya, polisi wa akiba katika wilaya za wafugaji walikaa miaka mingi na bunduki za Mark 4 huku wezi wa mifugo wakija na AK-47. Na katika Kivu, hatua chache kutoka hapa tulipo, vijana wa makundi ya wenyeji wameingia vitani na bunduki zilizofuliwa na wahunzi, zipakiwazo risasi za kuwindia. Mpangilio ni ule ule: anayehesabiwa kidogo hupewa kilichobaki ghalani.

Hatusemi kwamba kila kuukuu ni tusi. Walinzi wa kaskazini ya mbali nchini Kanada waliendelea na Lee-Enfield hadi miaka ya 2010 kwa sababu haikwami katika baridi kali. Afghanistan, katika miaka ya 1980, wapiganaji wa milimani waliitumia bunduki hiyo kumfikia Mrusi kutoka mbali kuliko Kalashnikov iwezavyo. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na sababu ya kuishika, nayo iliwafaa katika kazi waliyokuwa wakiifanya.

Kwa hiyo tunawaomba makamanda wanaopanga mgambo na askari wa akiba wajiulize swali moja kabla ya kutia sahihi orodha ya ghala: je, silaha hii ningempa mwanangu kwa kazi hii hii? Kama jibu ni la, basi mtu huyo alindishwe pengine, asipelekwe doria ambako atakutana na mwenye bunduki ya rashasha. Na kwa polisi wa vituo vya mpakani tunasema: gobore lililokamatwa lisiachwe pembeni ya ofisi kwa kuwa ni kuukuu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Rwanda imo, inataka silaha za serikali zitiwe alama na zinazokamatwa zisirudi mitaani, wala hiyo haibagui umri wa silaha. Liandikwe kitabuni, lipewe namba, lipelekwe kuteketezwa. Likikaa pembeni mwaka mzima, yuko atakayeliona, atalitaka, na risasi za kuwindia hazimpi tabu kuzipata.