Kileleni Si Lazima

Wapo wanaosema ati mtoto wa miaka miwili hana kazi mlimani, aachwe nyumbani na yaya. Mimi nakataa. Lakini pia sikubaliani na wazazi wanaomchukua, kisha wakapanda kana kwamba hayupo.

Likizo ya Agosti mwaka jana jamii yetu ilipanda Milima ya Ngong, kitindamimba wetu akiwa mgongoni mwa mama, kafungwa leso. Kilele ni mita 2,460, na upepo wa huko si mchezo. Si bure mitambo ya umeme wa upepo ilijengwa pale. Sisi jasho lilitutiririka. Mtoto je? Kimya. "Si amezoea tu," akasema baba. Mama kumgusa vidole, lo, baridi kama barafu! Kumbe anayetembea hupashwa moto na mwendo wake, lakini anayebebwa ana nguo zake tu na mgongo wa mwenziwe. Na huyu hata kusema "nasikia baridi" hajui.

Baba alishikilia twende, eti tumebakisha kidogo. Nami, nikiri, nilikuwa upande wake. Nilitaka picha ya kule juu. Mama hakujibu. Aligeuka akaanza kuteremka.

Kwa maoni yangu, anayembeba mtoto ndiye awe na neno la mwisho, hata kama kilele kinaonekana.

Kule chini penye nyasi mtoto alipashwa moto, akala, akateremshwa. Saa nzima aliokota vijiwe akimkabidhi baba kimoja kimoja. Baba alirudi nyumbani mifuko imejaa.