Pesa za mbuzi aliyekwisha kufa

Wadau, leo naomba tuache kidogo habari za CAT na foleni ya mesi. Kuna maneno nimeyasikia hapa hosteli zaidi ya mara moja, ati watu wa Turkana wanapewa pesa za bure na serikali kila ukame ukiingia. Mimi ni wa huko, basi ngoja nijibu.

Kwanza hizo pesa zenyewe. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, mpango wa HSNP ulikuwa unalipa shilingi 2,700 kwa mwezi, zikija kwa mafungu ya miezi miwili, yaani 5,400. Hiyo ni kwa kaya, si kwa kichwa. Gawanya kwa watu saba halafu unionyeshe bure iko wapi. Tena kaya nyingi hazimo kwenye orodha ya kila mara, zinangoja malipo ya dharura, ambayo hufunguliwa picha za satelaiti zikionyesha mimea imekauka vya kutosha.

Lakini ugomvi wangu hasa si udogo wa pesa. Ni wakati zinapofika! Ukame ule ulikula misimu 5 ya mvua mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la taifa Septemba 2021, na tayari misimu 2 ilikuwa imeshapotea. Mfugaji anataka pesa mbuzi akiwa bado anasimama, anunue nyasi na dawa, alipie maji. Ukimletea mizoga ikishazagaa atanunua unga. Unga ni muhimu jamani, sikatai, ila kundi limeisha, na ukame ujao atakuwa foleni tena. Kote nchini ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2.

Bima ya mifugo ya serikali, KLIP, ilianzia Turkana na Wajir mwaka 2015 kwa wazo zuri kabisa: lipa mapema ili mnyama asife. Shida ni kwamba nayo ilitegemea satelaiti, ambayo inapima ukijani tu. Kwetu kando ya mto Turkwel mathenge hubaki kijani hata nyasi zikiisha zote, na majani yake ng'ombe hayataki. Satelaiti haina meno.

NDMA hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kame, na bei ya mbuzi imo humo. Mimi nasema bei ya mbuzi ikianza kuporomoka huku ya mahindi ikipanda, hiyo ndiyo siku ya kutuma pesa, si miezi mitatu baadaye baada ya mikutano na posho.

Wale wa uchumi najua mna la kusema. Njooni chumbani mnipinge, chai ipo, maziwa ndiyo hakuna.