Mbuzi Wapo, Mchungaji Yuko Wapi?

Neno uhuru siku hizi limekuwa kama karanga za stendi: kila muuzaji anazo, na kila mtu anatafuna bila kuuliza zilikaangwa lini. Wauza gemu nao wanalo. Pita kwenye vibanda vya gemu vya mji wetu huu kasoro bahari, iwe Mji Mpya au Kihonda, utawakuta washikaji wanabishana kama mawakili. Mmoja anasema gemu tamu kuliko zote ni ile ya kunyemelea, maana unajiamulia mwenyewe. Kambi ya adui unaingia kwa geti au kwa mtaroni, mchana au usiku, kwa risasi au kimya kimya. Hakuna wa kukushika mkono. Mwenziwe anaitikia: kweli bwana, huo ndio uhuru!

Mimi nasema hiyo ni nusu ya uhuru. Na nusu hiyo inatulevya, hata sisi tunaojiita waandishi chipukizi.

Tuchukue gemu inayosifiwa sana katika aina hiyo: Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, kazi ya Mjapani Hideo Kojima, iliyotolewa na Konami mwaka 2015. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gemu hiyo ina akili. Ukizoea kuwapiga walinzi risasi za kichwa, wanaanza kuvaa helmeti. Ukizoea kuwavamia usiku, wanavaa miwani ya kuonea gizani. Yaani adui anajifunza tabia yako, nawe unalazimika kubadilika. Hebu tujiulize: katika hadithi zetu ni majambazi wangapi wanaojifunza kitu? Jambazi wetu ni mjinga ukurasa wa kwanza na anakamatwa ukurasa wa mwisho akiwa mjinga vilevile.

Basi, sifa zimetosha. Sehemu kubwa ya gemu hiyo inachezwa Afrika, mpakani mwa Angola na Zaire, mwaka 1984. Zunguka utakavyo. Utakuta nyasi, mito, nyumba, walinzi wanaoongea Kikaburu. Utakuta mbuzi, na ukitaka utamfunga puto arushwe angani awe mali yako. Lakini mchungaji wa huyo mbuzi humkuti. Humkuti mama anayetwanga, wala mzee anayeota jua kibarazani, wala binti anayerudi mtoni na ndoo. Ukiacha askari, wafungwa na watoto waliobebeshwa bunduki, nchi haina mwenyewe. Umepewa njia kumi za kuingia nyumba ya watu, hukupewa hata moja ya kupiga hodi.

Najua jibu. "Aa, ni gemu tu, wewe unataka nini?" Nataka gemu iliyo ngumu zaidi! Kunyemelea katika nchi tupu ni kazi ya kuhesabu hatua za mlinzi tu. Kunyemelea katika nchi yenye watu ni jambo jingine kabisa. Yule bibi aliyekuona atakuficha au atakuchoma? Ukila muhogo wake, kesho askari watamfanya nini? Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa na uzito, maana gharama hulipi wewe peke yako.

Na hayo si maneno ya kijiweni. Ushahidi uko hapahapa Morogoro.

Agosti 26, 1916 jeshi la Smuts liliingia katika mji huu. Mle ndani walikuwamo Makaburu wengi, kwa hiyo Kikaburu cha kwenye gemu kilishasikika hapa mapema. Von Lettow-Vorbeck na majeshi yake ya Kijerumani walikuwa wameshaponyoka kuelekea kusini, wakizunguka Milima ya Uluguru. Hakukamatwa. Alisalimu amri Novemba 25, 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, baada ya vita vyenyewe kwisha. Wazungu wameandika vitabu vingi kumsifu kwa ubingwa wa kujificha. Sawa. Nani aliyembebea risasi, unga na dawa? Wapagazi. Na Waingereza nao walikuwa na wapagazi. Pande zote mbili waliswagwa watu kwa malaki, wakafa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi.

Mtu akitengeneza gemu ya vita hiyo, nawaapia atatupa Lettow-Vorbeck tumchezee. Mimi nataka kumchezea mpagazi. Ni usiku, ukungu umeshuka, mzigo uko miguuni, mlinzi anasinzia. Atoroke au abaki? Akitoroka, aubebe ule unga au auache? Yeye ni Mluguru, ukoo wake unafuata upande wa mama, basi akimbilie kwa mjomba. Lakini kwa mjomba ndiko askari wanakokwenda kunyang'anya chakula, na wakimkuta, hatacharazwa yeye peke yake. Njia za mlimani anazijua zote. Tatizo lake halikuwa kukosa njia. Njia zilikuwapo nyingi, na kila moja ilipita mlangoni kwa mtu.

Ushahidi wa pili. Mwaka 1967 na 1968 wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, walivuka mto Zambezi kwa siri wakaingia Rhodesia, wakitafuta njia ya kufika kwao Afrika Kusini. Walipigana kishujaa, lakini hawakufika. Kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969, ANC ikakutana hapahapa Morogoro kujikosoa. Waliafikiana kwamba bunduki ifuate siasa, na siasa maana yake ni watu: mpiganaji asiyekuwa na wananchi nyuma yake anajificha bure. Ukienda Mazimbu leo utayakuta majengo ya shule waliyoianzisha ANC mwaka 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na Makaburu Aprili 6, 1979. Leo ni kampasi ya SUA. Wanafunzi wanapita pale na simu mkononi, wakitafuta mtandaoni gemu za kunyemelea, wakati wanakanyaga udongo wa mabingwa wa kunyemelea.

Tena tusijifanye kwamba Wajapani ndio waliotufundisha kujificha. Tulikuwa na kombolela. Mmoja anafumba macho, wengine wanajificha. Wakianza kukamatwa, wewe uliyebaki nyuma ya choo cha jirani una uchaguzi. Unaweza kukaa palepale, usionekane kabisa. Kwenye gemu za kisasa utasifiwa kwa hilo na kupewa alama za juu. Kwenye kombolela utaitwa mwoga. Sifa ni ya yule anayetoka mbio, akionwa na wote, akagusa kituo na kuwakomboa wenzake. Jina la mchezo lenyewe linasema. Kujificha kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa wenzako.

Sasa nageukia ninyi wa kalamu. Wazee wanaosema gemu zote ni uhuni nawaacha, hawajacheza hata moja. Lakini ninyi! Nimechoka kuisoma Uluguru kwenye hadithi zenu ikiwa picha ya kalenda: milima ya kijani, ukungu mwororo, kijito kinachotiririka, halafu aya ya pili shujaa yuko kwenye basi la Dar. Hiyo si ndiyo Afrika ya Kojima, yenye mbuzi bila mchungaji? Yeye angalau ana udhuru wa umbali. Wewe unaoga maji ya mlima huo kila asubuhi.

Juu kule watu wamechagua, wamekataa, wamelipa. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru waligoma kuchimba matuta waliyolazimishwa na serikali ya Mwingereza, Matombo kukachafuka, mtu akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukaachwa. Nani usiku ule alilala nyumbani, nani alilala msituni, nani alikwenda kwa bwana shamba kutaja majina? Hizo ndizo njia nyingi za kuingia katika hadithi moja. Msomaji mwachie achague amwamini nani. Usimburure kwa mkono mpaka kwenye funzo la mwisho kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Wanaojua kompyuta watengeneze gemu, na waijaze watu. Sisi wenye kalamu ya bei ya andazi hatuna cha kusubiri. Anayeweza kuuandika usiku wa yule mpagazi, na mjomba wake akiwamo, auandike sasa.

Naomba kutoa hoja.