Upanga wa Kiebrania na Ulimi wa Bibi



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa mtaani kwetu hapa Mabela alimcheka bibi yake. Bibi alisema redio imeharibika, mtoto akamsahihisha: "Bibi, sema kharbaan, kwa kha!" Bibi akanyamaza, na tangu siku hiyo huzungumza machache mbele ya wajukuu. Tuliona jambo hili halifai kupita bila ya kujibiwa, na jibu lake tumelipata mbali kidogo: katika neno la Kiebrania la upanga.

Neno hilo ni herev, nalo huandikwa kwa herufi tatu: het, resh na bet. Ni ndugu wa maneno mawili ya Kiarabu: harb, yaani vita, na harba, mkuki mfupi. Harba ndiyo aliyoirusha Wahshi bin Harb katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, akamuua Hamza, ami yake Mtume (S.A.W.). Na harba ndiyo iliyokuwa ikisimikwa mbele ya Mtume siku ya Idi, iwe sutra ya sala uwanjani. Wazee wetu nao walilipokea neno la vita wakaliita harubu, ambalo leo ni nadra kulisikia nje ya tenzi.

Sasa tazameni ajabu. Kiebrania kina shina jingine lenye maana ya kubomoka na kuwa gofu, nalo huandikwa kwa herufi zile zile tatu. Msomaji akizikuta bila ya irabu hajui kama ni upanga au ni magofu mpaka aisome sentensi nzima. Kiarabu kina herufi mbili, ha (ح) na kha (خ). Kiebrania kina het peke yake, kwani sauti mbili za kale ziliungana. Kiarabu hakichanganyi. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 33, wanaompiga vita Mwenyezi Mungu na Mtume wake wametajwa kwa ha. Katika Al-Hashr, aya ya 2, Mayahudi wa Banu Nadhir waliobomoa nyumba zao kwa mikono yao wametajwa kwa kha. Anayeibadili herufi hapo hubadili maana, na katika hilo hatuna mzaha na mwanafunzi yeyote.

Lakini mazungumzo ya Kiswahili si kisomo. Khabar tumeifanya habari, khatar hatari, na hata khanjar, iliyomo katika bendera ya Oman tangu 1970, kwetu ni hanjari. Kharraba ikawa haribu kwa njia hiyo hiyo. Ha na kha zimekuwa h moja, kama zilivyoungana katika Kiebrania, wala hatujasikia mwanachuoni wa lugha akiliita hilo kosa.

Bibi huyo huyo husoma Yasin kila alfajiri, na kha yake hutoka kooni safi kabisa. Tumemwambia mjukuu akae karibu naye siku moja, asikilize.