Watazamaji Wako Kwenye Pamba

Mwezi Mei, michezo ya UMITASHUMTA inapopita ngazi za kata na wilaya, viwanja vya shule za msingi mkoani Simiyu hujaa watoto na kukosa wazazi. Mistari imechorwa kwa majivu, mwalimu ana filimbi, nusu ya wachezaji wako pekupeku. Wanaoshangilia ni watoto wenzao. Mzazi yuko kwenye pamba.

Wengi tumezoea kusema mzazi wa kijijini hajui thamani ya michezo. Nami nilisema hivyo, mpaka nilipokumbuka ngoma. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Usukumani, wanaposhindana, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Miguu ya mtazamaji ndiyo kura. Ndiyo maana Usukumani wako wanaocheza na chatu: ukishindwa kuvuta macho, umeshindwa ngoma. Watu waliokulia katika desturi hiyo utawafundisha nini kuhusu raha ya kutazama?

Kinachowakwamisha ni kalenda. Ngoma hizo wazee waliziweka baada ya mavuno, kazi ikiwa imepungua na mfukoni pana chochote. Michezo ya shule inafuata ratiba ya taifa, ambayo kilele chake ni Juni, kwa hiyo kata na wilaya hulazimika kumaliza zao pamba ikiwa inafunguka. Simiyu inaongoza nchini kwa zao hilo, linachumwa kwa mkono, na msimu wa kununua hufunguliwa Mei. Mama aache pamba ipigwe na vumbi akatazame mbio za kupokezana vijiti?

Maofisa watajibu kwamba mashindano yapo kwa ajili ya kuibua vipaji, watazamaji ni nyongeza tu. Hapo ndipo ninapopingana nao. Ukihesabu kwa vipaji, watoto karibu wote ni hasara, kwa sababu wachache mno watavuka kata, na wachache zaidi watavaa jezi ya mkoa.

Niliwahi kusimama kando ya kiwanja kimoja nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikitazama netiboli ya wasichana. Mlinzi wa goli alikuwa mfupi kuliko wote. Kila mpira aliurukia, kila mpira ukampita juu. Timu yake ikiwa imeshafungwa vya kutosha, akaruka tena na safari hii akaugusa kwa ncha za vidole, ukatoka nje. Akageuka upesi kuangalia pembeni, akitafuta aliyeona. Tulikuwa mimi na muuza karanga. Tulipiga makofi mpaka mwamuzi akatutazama vibaya. Kipaji hakikuibuliwa pale, na mchana ule sijausahau.

Sikatai kwamba mzazi akija anaweza kuharibu. Kwenye ndondo za mitaani tumewaona watu wazima wakimtukana mwamuzi, na mtoto anayezomewa na baba yake mbele za watu hucheza kwa woga. Lakini hao huwekwa sawa na mwalimu mkuu mkali. Kiwanja kitupu hakina wa kukiweka sawa. Tena tusisahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliwahi kuisimamisha michezo ya shule kwa hoja ya kulinda masomo, ikaja kurejeshwa baadaye. Jambo ambalo mzazi hajawahi kuliona kwa macho yake, likiondolewa tena, nani atalipigania?

Ratiba ya taifa hatuwezi kuihamisha kwa ajili ya pamba yetu. Tunaloweza ni kuwapa watoto siku ya pili. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima, pamba nyingi imeshapimwa, na watu wanamiminika wenyewe Nyakabindi, pale palipobeba Nane Nane ya kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020. Eneo lile haliwezi kukosa nafasi ya kiwanja kimoja katikati ya matrekta na mabanda ya mbegu. Maofisa michezo wa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, leteni watoto hapo wacheze, hata waliotolewa mapema kwenye kata. Majivu ya kuchorea mistari tutachangia.