Fidia ya chanjo: Nani abebe mzigo?

Chanjo huwakinga mamilioni, lakini kwa nadra sana humwachia mmoja wao ulemavu, au hata kumtoa roho. Je, aliyedhurika katika jambo lililofanywa kwa usalama wa wote aachwe na mzigo wake peke yake?

Uingereza ilijibu swali hilo mwaka 1979, baada ya wazazi kulalamika kwamba chanjo ya kifaduro iliwadhuru watoto wao ubongo. Sheria ya mwaka huo ilianza na malipo ya pauni 10,000. Mwaka 2007 yakafikia pauni 120,000.

Tatizo ni masharti. Mdai hutakiwa aoneshe kuwa chanjo ndiyo chanzo cha madhara, kisha ulemavu wake ufikie asilimia 60, kiwango kilichoshushwa kutoka 80 mwaka 2002. Mwenye asilimia 59 haambulii kitu. Aliyevuka kizingiti hulipwa kiasi kile kile, hata kama atauguzwa maisha yake yote.

Ndiyo maana, baada ya chanjo za korona, baadhi ya familia ziliifikisha kampuni ya AstraZeneca mbele ya Mahakama Kuu mjini London. Mwaka 2024 ilibainika kuwa kampuni hiyo, ijapokuwa ilipinga madai, ilikiri katika nyaraka za mahakama kwamba chanjo yake yaweza, kwa nadra sana, kugandisha damu. Na kwa kuwa serikali ilikwishaahidi kuibebea dhima, mlipaji wa mwisho angekuwa mlipa kodi yule yule.

Marekani ilichagua njia nyingine mwaka 1986. Kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi huingia katika mfuko maalumu, na mdai mwenye hoja za msingi hulipiwa wakili hata akishindwa. Hata hivyo, chanjo za korona ziliwekwa chini ya mpango mwingine, usio na hakimu, uliotoa mwaka 1 tu wa kudai.

Kwa Afrika Mashariki, mpango wa COVAX ulileta fidia katika nchi 92 mwaka 2021, bila mdai kulazimika kuthibitisha kosa la mtu. Lakini ulihusu chanjo za korona pekee, si za surua wala polio.

Wapo wanaohofia kuwa kulipa fidia ni kuitia chanjo doa. Ukweli ni kinyume chake: uvumi hunawiri pale mwathirika anapobisha hodi na kukuta mlango umefungwa.