Msimfukuze Mgeni wa Mnada

Mshindi wa mnada asiyelipa ni kero ya zamani kuliko intaneti, ila minada ya mtandaoni imeifanya iwe ya kila siku. Bidhaa hunadiwa kwa siku saba, dau hupanda, muda hufungwa, mshindi hutangazwa, kisha kimya. Ujumbe haujibiwi, fedha haiingii, na muuzaji hubaki na mzigo ambao wiki nzima hakuweza kumuuzia mwingine. Miongoni mwa wauzaji imeenea imani kwamba mkosaji huyu hujulikana mapema: ni mgeni, yule ambaye kando ya jina lake pana alama sifuri. Kwa hiyo matangazo huandikwa kwa herufi kubwa kwamba wenye sifuri wasithubutu kupanda dau, na wanaothubutu hufutiwa madau yao bila hata kuulizwa. Imani hiyo ni potofu. Inamnyima muuzaji bei nzuri, inamdhalilisha mtu asiye na kosa, na mkosaji mwenyewe haimgusi.

Alama hizo zilianzia eBay, soko ambalo Pierre Omidyar alilifungua California mnamo Septemba 1995. Februari 1996 aliongeza utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupimana hadharani baada ya biashara: sifa njema huongeza alama moja, lawama hupunguza moja, na maoni ya kati hayabadilishi kitu. Kwa miaka kumi na miwili kila upande uliweza kuulaumu mwingine. Kisha, Mei 2008, eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama ya lawama, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wakiitumia kulipiza kisasi kwa wanunuzi waliolalamika kwa haki. Tangu hapo kutolipa hakumshushi mnunuzi alama hata moja. Mtu aliyelipia vitu mia tatu na kutelekeza vingine arobaini huonekana msafi kabisa kwenye ukurasa wa muuzaji, kwa sababu makosa yake yameandikwa katika kumbukumbu nyingine ambayo muuzaji hafunguliwi. Anayechuja wanunuzi kwa alama, basi, anatumia kipimo ambacho kosa analoliogopa halimo.

Wauzaji hujibu kwa uzoefu: wengi wa waliowatia hasara walikuwa na sifuri. Huenda ni kweli, lakini maana yake si ile wanayoipa. Mgeni anayelipa huacha kuwa mgeni mara tu anapopewa alama yake ya kwanza, naye hutoka kundini. Asiyelipa hubaki na sifuri yake mwezi baada ya mwezi. Kundi la wenye sifuri hupoteza waaminifu wake kila siku na kubakiwa na waliokosa, hata anayelitazama kwa mara moja hudhani limejaa wakosaji watupu. Mnunuzi mwenye alama elfu moja, anayepokewa leo kwa heshima zote, alipita humo humo, na yuko muuzaji aliyekubali dau lake la kwanza.

Tena sifuri haimaanishi kwamba mtu ni mpya. Anayezuiwa kwa sababu ya kutolipa hufungua akaunti nyingine kwa anwani nyingine ya barua pepe, naye hurudi mnadani akiwa na jina safi. Mwaka 2001 Eric Friedman na Paul Resnick walichapisha uchambuzi wa jambo hili katika jarida la uchumi nchini Marekani. Walionyesha kwamba pale ambapo kubadili jina hakugharimu kitu, shaka juu ya wageni huzuka karibu bila budi, na waaminifu ndio wanaobebeshwa gharama yake. Dawa waliyoijadili haikuwa kuwafukuza wageni. Ilikuwa kulifanya jina liwe na thamani: kutoza ada ya kuingilia, au kuhakikisha kila mtu anapata jina moja tu asiloweza kulitupa. Ubovu uko kwenye mlango wa soko, na mwenye soko ndiye anayepaswa kuurekebisha. Muuzaji anayemalizia hasira yake kwa mgeni humwondolea mwenye soko wajibu huo.

Wanaodhani kwamba kutolipa ni tabia ya wachanga wa mnada wangetazama minada mikubwa zaidi duniani. Februari 2009, jijini Paris, kampuni ya Christie's ilinadi mali za marehemu Yves Saint Laurent. Miongoni mwazo kulikuwa na vichwa viwili vya shaba, cha panya na cha sungura, vilivyotoka katika Kasri la Kale la Kiangazi la Beijing, lililoporwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860. Dau la simu lilishinda, jumla ya euro milioni 31.4 kwa vyote viwili. Mshindi, Cai Mingchao, alijitokeza siku chache baadaye na kutangaza kwamba hatalipa, akieleza kuwa alifanya hivyo kwa uzalendo. Madai ya Wachina juu ya vichwa hivyo yana uzito wake, na hayahusiani na hoja hii. Kinachohusika ni kwamba Cai alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa vitu vya kale, aliyenunua sanamu ya Buddha kwa zaidi ya dola milioni 116 za Hong Kong mwaka 2006. Kwa mizani ya eBay angehesabiwa mwenye alama nyingi. Kisha, Novemba 2010, chombo cha kauri cha China cha enzi ya mfalme Qianlong kilifikia pauni milioni 43 katika nyumba ndogo ya mnada huko Ruislip, magharibi mwa London. Mnunuzi hakukamilisha malipo, na hatimaye chombo kikauziwa mtu mwingine kwa bei ya chini zaidi. Katika matukio yote mawili dau lilipokewa bila fedha yoyote kutangulia, na hapo ndipo penye kasoro.

Hasara ya kumfungia mgeni haionekani kwa urahisi, kwa sababu bei ambayo haikufikiwa haiandikwi popote. Mfano utaionyesha. Saa ya mkononi inanadiwa, na wanunuzi wawili wa zamani wameweka ukomo wao, mmoja dola 60, mwingine dola 80. Mfumo wa eBay hupandisha dau la mshindi hatua moja tu juu ya ukomo wa anayemfuata, kwa hiyo saa inauzwa dola 61. Akiingia mgeni mwenye ukomo wa dola 78, mshindi ni yule yule wa 80, lakini sasa analipa dola 79. Mgeni huyu hakununua kitu, hakudaiwa kitu, na amemwongezea muuzaji dola 18. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wachumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walithibitisha mwaka 1996, kwa hesabu na chini ya masharti waliyoyaeleza, kwamba mshindani mmoja wa ziada humfaa muuzaji kuliko hila ya kuweka bei ya chini isiyoshukika. Mwenye kuwafuta wageni hujipunguzia washindani kwa hiari yake, kisha hulalamika kuwa minada imekufa.

Wapo pia wageni wanaokosa kulipa bila nia mbaya, na hawa ni wengi kuliko wauzaji wanavyokubali. Mmoja hudhani dau ni njia ya kuonyesha kwamba amependa kitu. Mwingine huweka madau kwenye simu tano zinazofanana akitaka moja, akashinda tatu. Wa tatu hugundua gharama ya kusafirisha baada ya kushinda. Hawa hawahitaji kufungiwa, wanahitaji kuambiwa. Ujumbe mfupi unaotumwa dau linapowekwa, wenye bei ya usafirishaji, njia ya kulipa na siku ya mwisho, huokoa mauzo mengi kuliko tangazo la vitisho. Dhidi ya anayeshinda vitu vingi mno, eBay ina kizuizi cha kadiri: muuzaji huweka kikomo cha idadi ya bidhaa ambazo mwenye alama 5 au pungufu anaweza kuziwania kwake ndani ya siku 10. Mgeni anaingia, ila haingii na kikapu kisicho na mwisho.

Jambo linalomlipisha mshindi ni fedha iliyokwisha kutangulia. Madalali wa Afrika Mashariki wanalijua hili tangu zamani. Nyumba inaponadiwa kwa amri ya mahakama, Tanzania au Kenya, mshindi hutoa asilimia 25 papo hapo nyundo inapogonga, na salio ndani ya muda uliowekwa, aghalabu wiki mbili hivi. Akishindwa, amana humponyoka na nyumba hunadiwa upya. Hakuna anayeuliza amewahi kununua nyumba ngapi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetafuta gari la Japani akiwa Dar es Salaam au Mombasa: wakala wa kumpandia dau katika minada ya huko hudai amana kwanza, awe mteja wa miaka kumi au wa jana. Kwa minada inayoendeshwa kwenye makundi ya simu, amana ndogo inayorudishwa kwa wasioshinda hupokelewa kwa M-Pesa kabla dau halijatajwa. Anayekataa kuiweka amejieleza mwenyewe, na wengine wote hupimwa kwa mizani moja.

Kwenye eBay, kwa bidhaa za kawaida, muuzaji hana ruhusa ya kukusanya amana, lakini hajafungwa mikono. Anaweza kuwazuia wanunuzi wenye rekodi ya kutolipa, kwa idadi na kipindi anachochagua, na kizuizi hicho hutazama kosa lenyewe. Anaweza kuuza kwa bei maalumu inayodai malipo ya papo hapo. Baada ya siku nne bila malipo anaweza kufuta mauzo, akarudishiwa ada, na kosa likaandikwa kwenye akaunti ya mkosaji. Wauzaji wengi hawafiki hatua hiyo ya mwisho. Huona ni usumbufu, humwacha mkosaji aende zake, kisha humlipizia mgeni anayefuata. Kila kosa lisiloripotiwa humfikisha mkosaji kwa muuzaji mwingine akiwa hana doa.

Fursa ya pili, yaani kumwuzia aliyeshika nafasi ya pili, itumike kwa uangalifu. Hupewa kwa ukomo wake wa juu, na bei hiyo huenda ilisukumwa na dau ambalo halikuwa na fedha nyuma yake. Katika mfano ule wa saa, kama mshindi asiyelipa angempita yule mwenye ukomo wa dola 80, huyu angetakiwa kulipa dola 80 kwa kitu ambacho kwa ushindani wa kweli kingemgharimu 61. Wengi hukataa wakishuku kwamba mshindi aliyetoweka alikuwa mtu wa muuzaji mwenyewe. Kukinadi kitu upya, baada ya kumfungia yule yule aliyekosa, ni haki zaidi kwa pande zote.

Pamebaki shaka moja yenye haki. Anayelipa haraka kwa kadi isiyo yake, kisha akataka simu au dhahabu ipelekwe kwenye anwani ngeni, ni tapeli, na akaunti nyingi za namna hiyo ni changa. Lakini huyo amelipa. Wizi wake huzuiwa kwa kukagua malipo na anwani, na kwa kutuma mzigo wenye bima na saini ya mpokeaji. Kufuta madau ya wenye sifuri hakumkamati, kwa kuwa akaunti ya zamani iliyoibwa humfaa vile vile.